Eneo Linalotakiwa

Kinyerezi, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mdogo wangu Jaffar,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, mashaka ni juu yenu mlio mbali. Goti langu la kushoto bado linagoma kupanda ngazi. Bi Yasmini wa nyumba ya pili amemwoza binti yake, mtaa mzima umekula pilau mpaka umechoka. Umeme unakatika kila jioni, na sisi tunakaa ubavuni mwa mitambo inayouzalisha, ukisimama uani unaisikia ikinguruma. Binti yako Yumna hajambo. Amenipita kimo, na ukija leo utamwamkia kwa makosa.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu, na sababu unaijua. Ule ujumbe wa sauti niliokutumia mwezi uliopita uliufungulia kwenye spika, mkeo Maisa akiwa pembeni, ukanijibu huku nyuma namsikia anacheka. Mie si kichekesho cha sebuleni kwenu. Barua haina spika. Ataileta binamu yetu Mazin, ambaye kwa safari zake za vitambaa amekuwa posta yetu, na nimeibandika gundi kwa sababu namjua.

Sasa mzigo wako. Mazin kanikabidhi kile kikokotoo cha kuchora grafu ulichomnunulia Yumna, pamoja na kijitabu cha maelezo ambacho si kijitabu, ni tofali. Kwanza, neno kikokotoo kwa mstaafu wa serikali aliyepunjwa mafao kwa hesabu yenye jina hilo ni tusi, waulize wenzangu niliostaafu nao. Pili, nimefundisha hisabati Temeke tangu wewe unavaa kaptula, kwa chaki, rula na karatasi ya grafu, na watoto wakafaulu. Wewe mwenyewe ulifaulu, ingawa kwa kusukumwa. Mtoto asiyechora mstari kwa mkono wake haujui mstari. Kidude chako nimekifungia kabatini.

Nakumbusha pia maneno yetu ya kwenye simu, usije ukayageuza. Ulisema Yumna akipata chini ya B kwenye hisabati mwaka huu, utamchukua Muscat. Akipata B kwenda juu, abaki kwangu amalize masomo. Nilikubali kwa sababu najua ninachomfundisha. Lakini nakuuliza. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, ukamleta hapa na begi moja, ukasema utamfuata baada ya mfungo. Mifungo imepita mingapi? Leo ana miaka kumi na sita, anapika, anafua, anajua kulea, ndiyo umemkumbuka. Kwa nini sasa?

Ni mimi dada yako,
Wahiba

*

Muscat
2 Februari 2024

Dada Wahiba,

Wa aleikumu ssalaam, na shikamoo. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia mko wazima. Pole kwa goti. Sisi hatujambo, kazi dukani ni nyingi, baridi ya huku mwaka huu imekuwa ya kweli. Maisa anakusalimia. Siku ile hakuwa anakucheka wewe, alikuwa anaangalia kitu kwenye simu yake.

Dada, nitasema kwa heshima. Dunia imesogea. Shule ninayomlipia Yumna inafuata mtaala wa nje, na katika mtaala huo kuna karatasi nzima ya mtihani inayofanywa kwa kikokotoo cha grafu. Si hiari. Barua ya shule ilikuja kwangu, na ilikuja kwako pia, sijui uliitumia kufungia maandazi. Ukikifungia kabatini umemfungia mtoto karatasi nzima, halafu akifeli utasema ni mimi.

Au labda nimekosea kushangaa. Tangu tukiwa wadogo, kitu usichokijua ulikuwa unakiita cha kipuuzi. Umestaafu, dada. Pumzika. Mwache mwalimu wake afundishe.

Makubaliano yetu nayakumbuka vizuri na sitayageuza. B kwenda juu anabaki. Chini ya hapo anakuja kwa baba yake, ambako ndiko kwao.

Msalimie Yumna. Mwambie asome.

Mdogo wako,
Jaffar

*

Kinyerezi
25 Februari 2024

Mdogo wangu Jaffar,

Salaam. Goti vile vile. Mvua zimeanza kuchungulia, na mfereji wa mbele umeziba kama kawaida yake. Yumna mzima, anakusalimia. Anauliza kila siku kama umeandika, mie nasema baba yako ana kazi nyingi, na uongo huo naubeba mimi.

Swali langu hukulijibu. Nimeliona shimo pale lilipotakiwa kukaa jibu.

Umeandika kwamba nakimbia nisichokijua. Haya. Nilikwenda shuleni, nikakaa na mwalimu wao, Gaspar, kijana wa Bukoba mwenye adabu kukuzidi. Kanionyesha karatasi ya mwaka jana, na ni kweli bila kidude huwezi. Nikarudi nikafungua kabati, nikavaa miwani, nikakaa nacho mezani siku nzima, Yumna ananiangalia kama anaangalia sinema.

Nilitunga swali la kwangu. Mpishi wa harusi ana mchele kilo mia na hamsini. Sufuria ya pilau inakula kilo tatu, ya biriani kilo tano. Achanganye vipi asiishiwe mchele? Nikaweka y peke yake kama kinavyotaka, nikabonyeza kichore. Kioo cheupe, hakuna mstari. Nikasema ndiyo vitu vya Jaffar hivi. Yumna akaniambia nisogee kushoto kabisa, kwenye kialama kilicho kabla ya Y, nibonyeze mpaka kiwe pembetatu, kwa sababu nataka "ndogo kuliko". Nikachora tena. Kioo cheusi chote. Nilikaribia kukirusha uani.

Kumbe dirisha. Kidude kinatazama kuanzia hasi kumi mpaka kumi, na mstari wangu uko juu huko kwenye thelathini. Nilipopanua dirisha mstari ukaja, mzuri, umeinama kama unavyotakiwa. Nakiri ulinipendeza. Furaha yangu haikuhusu, ni ya hisabati.

Lakini sikia ubaya wake. Mie na walimu wenzangu wote tumefundisha hivi: unatia kivuli upande usioutaka, unaoutaka unaubakiza msafi, usomeke. Hata wewe nilikufundisha hivyo, kwenye meza ya jikoni. Hiki chako kinatia kivuli upande unaotakiwa. Kinyume kabisa. Tena mstari wa nukta nukta hakiujui, kwake "ndogo kuliko" na "ndogo kuliko au sawa na" ni kitu kimoja. Mtoto akikopi kioo kama kilivyo amekwisha. Nimekaa na Yumna, nimemwambia kioo kina lugha yake na karatasi ina lugha yake, soma swali, jaribu nukta moja, kisha andika R kwenye eneo linalotakiwa. Ameelewa. Alifanya maswali manne bila kosa mbele yangu.

Kwa hiyo ondoa mikono yako kwenye furaha ya kunisubiri nianguke. Na swali langu bado lipo mezani.

Wahiba

*

Muscat
20 Machi 2024

Dada Wahiba,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Mungu atukubalie funga zetu. Hapa wazima. Biashara mchana hakuna, tunafungua jioni.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yamenifikia kutoka shuleni. Hisabati, D. Nilisoma maelezo ya mwalimu. Kwenye maswali ya grafu, ya "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko", Yumna amekosa yote, na amekosa kwa namna moja. Kila alipotakiwa kuchagua upande, amechagua upande mwingine. Mistari sawa, maeneo yote kinyume.

Unajua hiyo imetoka wapi, wala huhitaji kijitabu. Mtoto ana shule inayomwambia hivi na shangazi anayemwambia vile, na shangazi ndiye anayelala naye nyumba moja. Nilikuomba upumzike. Hukuweza, kwa sababu kushinda kwako wewe ni kukubwa kuliko mtihani wa mtoto.

Nitakwambia na jingine, kwa kuwa umelitaja mwenyewe. Unatia kivuli usichokitaka na kukibakiza unachokitaka kisafi. Ndivyo ulivyomlea Yumna. Mimi ndiye upande wenye kivuli. Mtoto amekua nyumba ambayo jina la baba yake linatajwa kwa mguno.

Mtihani wa mwisho ni Mei, na sioni muujiza. Mazin atakuja baada ya Idd. Mpe pasipoti ya Yumna, nianze taratibu za viza.

Jaffar

*

Kinyerezi
15 Aprili 2024

Jaffar,

Salaam. Idd imepita, tumeswali, tumekula. Nguo uliyomtumia Yumna haikumwingia. Ulikata kwa kimo cha mtoto uliyemwacha.

Pasipoti Mazin harudi nayo. Makubaliano yalikuwa mtihani wa mwisho, wala hatukutaja wa majaribio, na kama umesahau, barua yako ya Februari ninayo, nitakutumia nakala.

Mazin ana mdomo mwepesi akishiba. Alikaa hapa akala chakula cha jioni siku moja, akaniambia Maisa ana mimba ya mapacha, na daktari kamlaza kitandani, haruhusiwi hata kuinua ndoo. Sasa nimelipata jibu langu. Miezi mitatu nakuuliza kwa nini sasa, unaniandikia habari za baridi. Ulikuwa unatafuta yaya, Jaffar. Yaya asiyehitaji mshahara wala siku ya kupumzika, anayejua dua za kulalia na anayekuita baba. Hukuwa na haya ya kunificha mimi, sawa, mimi na wewe tumeshazoeana. Lakini Yumna anaziweka akiba barua zako za zamani, na wewe ulikuwa unapima mikono yake kama inafika kwenye beseni la nepi.

Umesema jina lako linatajwa kwa mguno. Halitajwi kabisa. Mguno ungekuwa afadhali, maana ungeonyesha kuna mtu aliyepo.

Kuhusu ile D, nilikwenda shuleni. Mwalimu Gaspar akanitolea karatasi yenyewe, nikaikagua mstari kwa mstari. Kuna kitu nimekiona kwenye karatasi ile. Sitakwambia, hujastahili kukijua. Nimerudi nyumbani nimezungumza na mtoto, na tumeelewana.

Subiri Agosti.

Wahiba

*

Muscat
10 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Maisa amejifungua salama, watoto wawili wa kiume, alhamdulillahi. Mama yake amehamia kwetu kutoka Salalah, atakaa. Nakwambia ili usisikie tena kwa Mazin.

Maneno ya yaya nimeyasoma na sitayajibu, kwa sababu ya umri wako.

Kama karatasi ina jambo, ungelisema. Hukulisema kwa kuwa halipo. Tusubiri matokeo, na ndiyo yatakayoamua, kama tulivyopatana.

Jaffar

*

Kinyerezi
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Jaffar,

Assalaam aleikum. Hongera ya watoto, Mungu awakuze. Sikukuandikia hongera mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo, lakini watoto hawakunikosea. Goti limepata dawa ya kuchua kwa Bi Yasmini, linanipa unafuu. Yumna mzima.

Amepata A kwenye hisabati. Mwalimu Gaspar alipiga simu mwenyewe kunipa habari.

Kwa makubaliano yetu nimeshinda, mtoto anabaki. Nilikuwa nimeshaipanga barua ya ushindi tangu Januari, na ingekuchoma. Siiandiki. Keti, usome hii polepole, peke yako.

Nilisema nimeona kitu kwenye ile karatasi ya D. Mtoto aliyechanganyikiwa anachanganya: hapa sawa, pale kosa. Yumna alikosa yote, hata lile swali jepesi la mwanzo ambalo mtu anafanya amesinzia. Nikaipeleka karatasi dirishani kwenye mwanga. Kila grafu ilikuwa na alama za kifutio. Chini ya kifutio kulikuwa na R, kwenye eneo linalotakiwa hasa. Aliiweka sawa, kila mara, akaifuta, akaihamishia upande wa pili. Alipata mtihani wote, kisha akaufeli kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimuuliza tulipokuwa tunachambua mchele. Hakubisha. Akasema, "Shangazi, baba alisema nikishuka chini ya B atakuja kunichukua."

Tulikuwa tunatukanana juu ya kichwa chake, wewe na mimi, kila mmoja anahesabu nani atashinda. Mimi nilidhani nalinda kitu kinachotaka kulindwa na mimi. Sikuwahi kumuuliza. Wewe nawe hukumuuliza. Yeye alikuwa na jibu lake muda wote, akalitafutia njia ambayo hakuna hata mmoja wetu angekuwa na uso wa kumzuia.

Niliumia, Jaffar. Sikudhani kama naweza kuumia hivyo kwa umri huu. Lakini nilimwambia, usifeli kwa ajili ya mtu. Fanya mtihani wako kama unavyoujua, na ukipata chochote, hata A, nitamwandikia baba yako kwa mkono wangu aje akuchukue. Ndiyo tulivyoelewana. Kaifanya sehemu yake, na mimi naifanya yangu.

Njoo umchukue. Usitume tiketi kwa Mazin, njoo wewe, agonge mlango mtu mwenye sura yake. Yuko tayari kuwapakata hao wadogo zake, na sitasema neno yaya tena mpaka naingia kaburini. Pasipoti ipo. Nguo zake zote nimezifua.

Dada yako,
Wahiba

*

Muscat
9 Septemba 2024

Wahiba,

Tulikubaliana B kwenda juu anabaki. Amepata A. Wewe mwenyewe ulinikumbusha nisiyageuze maneno, na siyageuzi.

Hali imebadilika hapa. Mama yake Maisa anakaa chumba tulichokuwa tumekifikiria kwa ajili ya Yumna, na watoto ni wadogo, nyumba haina nafasi ya mtu mwingine. Maisa naye hajazoea. Shule ya huku pia itamrudisha nyuma. Kwa matokeo yake ni bora aendelee huko huko na wewe, mnaelewana.

Labda mwakani tutazungumza. Mweleze wewe, unajua namna ya kumweleza.

Jaffar

*

Kinyerezi
29 Septemba 2024

Jaffar,

Sikumweleza. Mazin alipokuja mimi nilikuwa kwa Bi Yasmini nachuliwa goti. Barua aliipokea Yumna mlangoni, na kwa kuwa imetoka kwako aliifungua hapo hapo, amesimama. Mazin anasema aliisoma, akaikunja ilivyokuwa, akamuuliza kama atakunywa chai.

Kwa hiyo ile kazi uliyonipa, ya kumweleza, umeifanya mwenyewe, kwa mwandiko wako. Nimeshukuru kwa hilo tu. Sitaki alale akidhani mimi ndiye niliyekukatalia.

Mwakani usiandike. Usimtafutie maneno wala zawadi, na Mazin nimemwambia hivyo mbele ya mkewe. Kidato cha tano ataanza, ada nitajua mimi inatoka wapi, kuna nyumba nyingi Kinyerezi zenye watoto wasiojua hesabu. Akitaka siku moja kukutafuta, njia ataijua, na sitasimama mlangoni. Nilishawahi kusimama mlangoni, na nimeona faida yake.

Nakuandikia jambo moja la mwisho, ulale nalo. Barua yako haikuwa na salamu. Hapakuwa na shikamoo wala dada, uliandika jina langu tupu, kama la mtu anayedaiwa. Nimeigeuza mbele na nyuma, hamna. Lakini niliporudi jioni ile Yumna alinifuata jikoni, akanipa bahasha kwa mikono miwili, uso mkavu kabisa, akasema, "Shangazi, barua ya baba. Anakuamkia, anasema shikamoo."

Nikaitikia marahaba.

Wahiba binti Azzam